Macho ya manjano hadi mrija mpya wa nyongo: mwongozo kamili kwa mgonjwa wa Kigoma

Mwongozo huu nimemwandikia mtu aliyeambiwa kwamba mrija wake wa nyongo umeziba, umesinyaa au umekatwa, na kwamba utahitaji kuunganishwa upya, pengine kwa upasuaji wa matundu madogo. Nimemwandikia pia ndugu anayemuuguza, maana kwa ugonjwa huu mara nyingi mwenye kazi kubwa ni yeye. Nawalenga watu wa Kigoma: wanaoanzia zahanati ya kijijini huko Kasulu au Uvinza, wakapelekwa Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, halafu wakaambiwa safari bado. Aliyeko Tabora asome Kitete palipoandikwa Maweni. Mengine ni yale yale.

Tuelewane jambo moja kabla ya hatua yoyote. Watu wakisikia matundu madogo hufurahia udogo wa kovu. Kovu liache liwe la mwisho. Kinachomponya mgonjwa huyu ni maungio kati ya mrija wake na utumbo: yasivuje wiki hii, wala yasisinyae miaka mitano ijayo. Matundu ni njia tu ya kufika hapo. Na maungio hayo mara nyingi huharibiwa na mambo yaliyotangulia siku ya upasuaji: usaha ulioachwa tumboni, haraka ya kushona, picha isiyotosha. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya mwongozo huu inakwisha kabla mgonjwa hajaingia chumba cha upasuaji.

Mrija wenyewe na kinachouharibu

Ini hutengeneza nyongo kati ya nusu lita na lita moja kwa siku. Nyongo hiyo hutoka kwenye ini kwa mirija miwili, wa kulia na wa kushoto, inayoungana kuwa mmoja. Kifuko cha nyongo kimeshikizwa pembeni mwa njia hiyo kwa kimrija kifupi. Kisha mrija mkuu hushuka, hupita kwenye kichwa cha kongosho na kumwaga nyongo mwanzoni mwa utumbo mdogo. Kwa mtu mzima mwenye afya, mrija mkuu una upana wa takribani milimita 6 au pungufu. Iweke namba hiyo kichwani, utaikuta tena kwenye majibu ya ultrasaundi.

Vinavyouziba ni vingi: mawe yaliyoshuka kutoka kwenye kifuko, uvimbe wa kichwa cha kongosho au wa mrija wenyewe, makovu, na wakati mwingine hata mnyoo mkubwa wa mviringo (askaris) aliyepanda kutoka utumboni. Wako watoto na wasichana wanaozaliwa na mrija uliotanuka kama kifuko, na huo hukatwa wote na kuunganishwa upya kwa sababu ukiachwa unaweza kuzaa saratani. Halafu kuna jeraha la mkono wa daktari. Mtu amekwenda kutolewa kifuko chenye mawe, mrija mkuu ukadhaniwa ni kile kimrija kifupi, ukabanwa na kukatwa. Tangu Mjerumani Erich Mühe alipotoa kifuko cha nyongo kwa matundu madogo mwaka 1985, njia hiyo imeenea dunia nzima, na jeraha la namna hii limekuwa likitajwa kuwapata wagonjwa 3 hadi 5 kwa kila 1,000. Ni wachache, lakini ndio wenye safari ndefu kuliko wote, na sehemu kubwa ya ninayoyaeleza inawahusu wao.

Siyo kila aliyeziba anahitaji kuunganishiwa mrija. Mawe peke yake mara nyingi hutolewa kwa kamera inayopitishwa mdomoni, kipimo-tiba kinachoitwa ERCP. Saratani iliyosambaa huwekewa kimrija cha kupitishia nyongo ili mgonjwa apate nafuu, bila upasuaji mkubwa. Ukiambiwa mojawapo ya haya, usidhani umenyimwa huduma.

Hatua ya 1: Jua ni manjano gani

Huku kwetu macho yakigeuka, wazo la kwanza ni malaria, la pili homa ya ini, la tatu ni kwa mganga. Malaria kweli inaweza kuleta manjano, selimundu vilevile, na homa ya ini ndiyo kabisa. Manjano ya kuziba yana alama zake tatu ambazo hata mama wa nyumbani anaweza kuzikagua bila kifaa: mkojo umekolea hadi rangi ya chai ya rangi, kinyesi kimepauka na kuwa cheupe au cha kijivu, na mwili unawasha usiku kucha bila upele. Kinyesi ndicho shahidi mkubwa. Rangi yake ya kahawia inatokana na nyongo, kwa hiyo kikipauka siku kadhaa mfululizo, yaelekea njia imefungwa.

Nyumba inayopika kwa mawese kila siku inaweza kuona jambo jingine: viganja na nyayo kuwa na rangi ya njano-chungwa. Hiyo ni rangi ya mawese yenyewe iliyolundikana kwenye ngozi, haina madhara, na alama yake ni kwamba weupe wa jicho haubadiliki. Kwa hiyo usitazame kiganja. Mtoe mgonjwa nje kwenye mwanga wa jua, mwambie atazame chini, uinue kope la juu. Taa ya chumbani hudanganya.

Alama ya kukimbia nayo hospitali usiku huohuo ni manjano pamoja na homa ya kutetemeka na maumivu chini ya mbavu za kulia. Hapo nyongo iliyotuama imeingia vijidudu, na vinaweza kuhamia kwenye damu ndani ya saa chache. Mgonjwa akianza kuchanganyikiwa au presha ikashuka, yuko hatarini kufa. Anahitaji antibiotiki ya mshipani mara moja na nyongo ifunguliwe njia mapema. Dozi ya dawa mseto ya malaria peke yake haitamsaidia, hata kama kipimo cha malaria nacho kimetoka chanya.

Hatua ya 2: Vipimo, kwa mpangilio wake

Anza na damu. Bilirubini, ile rangi ya njano ya nyongo, ipimwe mafungu mawili, jumla na ile ya moja kwa moja. Kwenye kuziba, ya moja kwa moja ndiyo inayopanda zaidi. ALP na GGT, vimeng'enya vya ini na mirija yake, navyo hupanda. Pima pia homa ya ini B na C, picha ya damu, figo, na muda wa damu kuganda, yaani INR. Hii ya mwisho husahaulika sana wakati ndiyo inayoamua kama mgonjwa anaweza kuchomwa sindano ya ini au kupasuliwa.

Sababu yake ni hii. Vitamini K hufyonzwa utumboni kwa msaada wa nyongo. Nyongo isipofika, vitamini hiyo haiingii, na ini linashindwa kutengeneza vigandishi vya damu. Ukiona mgonjwa anatoka damu kwenye fizi au anavilia kila anapochomwa sindano, mwambie daktari. Tiba yake ni rahisi na ipo karibu kila hospitali ya wilaya, sindano ya vitamini K kwa siku chache. Ini likiwa bado zima, INR hurudi vizuri.

Kisha ultrasaundi. Karatasi ya majibu isomeke wazi mambo matatu: mrija mkuu una milimita ngapi, mirija ya ndani ya ini imetanuka au la, na kizuizi kiko usawa gani. Jibu la "kuna kuziba" bila hayo halitoshi kumpelekea mtu rufaa, na si vibaya ukaomba kwa upole lirudiwe. CT-Scan sasa ipo katika hospitali nyingi za rufaa za mikoa, na inaonesha uvimbe, usaha na mishipa ya damu. Ila picha bora ya mti mzima wa mirija ni ya MRI inayoitwa MRCP. Hiyo ndiyo ramani ya daktari wa upasuaji. Kwa mtu ambaye mrija wake ulikatwa, kumpasua upya bila MRCP au picha ya dawa iliyomwagwa ndani ya mirija ni kubahatisha.

Jambo la kwetu watu wa ziwani. Kama umekulia Ujiji, Kibirizi, Kalya au kijiji chochote cha mwambao, ukaogelea Tanganyika tangu utoto, mwambie daktari. Kichocho cha tumbo huacha makovu ndani ya ini, na makovu hayo hupandisha presha kwenye mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka utumboni. Mishipa midogo inayouzunguka mrija wa nyongo huvimba na kujaa damu. Daktari akiifungua bila kujua, damu itakayotoka haitazuilika kirahisi. Bandama iliyovimba, au historia ya kutapika damu, itajwe siku ya kwanza kabisa.

Hatua ya 3: Kabla ya kupanda basi

Kuna mambo ya kuacha. Acha diklofenaki. Najua ndiyo sindano inayopatikana kila duka la dawa na inatuliza haraka, lakini figo za mtu mwenye manjano ya kuziba ni dhaifu, na sindano hiyo inaweza kuzimalizia. Acha mitishamba ya kusafisha nyongo: ini lililobanwa haliwezi kuchuja sumu mpya, na dawa haiwezi kuunganisha mrija uliokatwa.

La kuogopa kuliko yote ni upasuaji wa pili wa haraka. Mtu ametolewa kifuko, siku ya nne tumbo limejaa nyongo, na kwa nia njema kabisa anafunguliwa tena palepale ili mrija ushonwe. Mrija uliolowa nyongo na usaha ni mwembamba, mwekundu na unachanika kwa uzi. Kazi ya dharura hapo ni kuosha, kuweka mirija ya kutolea uchafu nje, kutoa antibiotiki, kisha kumpeleka kwa anayefanya kazi hii mara kwa mara. Utafiti wa miaka mingi umeonesha jambo lilelile: jaribio la kwanza la kurekebisha ndilo lenye nafasi nzuri kuliko yote, na likifanywa na mtu asiyelizoea huharibika zaidi. Kila jaribio lililoshindikana hula kipande kingine cha mrija mzima.

Nyaraka ni nusu ya matibabu. Beba barua ya rufaa, vipimo vyote vya damu kwa tarehe zake, picha zenyewe za CT kwenye CD na siyo karatasi ya majibu tu, na ripoti ya upasuaji wa kwanza. Kuhusu ripoti, hospitali iliyompasua inaweza kusita kuitoa, hasa pale kila mtu anapojua kilichotokea. Mkubwa wa familia aende aombe kwa heshima: "Daktari, hatukuja kulaumu. Tunakoenda wataulizia ulichokiona na ulichokibana." Ni haki ya mgonjwa kupata taarifa zake, na kwa kauli ya namna hiyo milango mingi hufunguka.

Safari ya kawaida kutoka Kigoma ni Bugando, Mwanza, hospitali ya rufaa ya kanda inayopokea wagonjwa wa Kigoma na Tabora. Wengine hupelekwa Benjamin Mkapa Dodoma au Muhimbili. Basi la Mwanza hupita Kasulu, Kibondo, Kakonko na Nyakanazi, na tangu Daraja la Magufuli la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, foleni ya kivuko imebaki hadithi. Hata hivyo daktari anayetoa rufaa apige simu kwanza. Ukubwa wa hospitali hautoshi: mashine ya ERCP, fundi wake na daktari wa mirija ya nyongo vinatakiwa vikutane wiki moja mahali pamoja.

Bima ishughulikiwe kabla ya kuondoka. Uliza kama kadi yako inavuka mkoa na kama MRI na upasuaji huu vinahitaji kibali cha awali. Asiye na uwezo aanzie ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, akiwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Nenda na ndugu wawili wenye afya wa kuchangia damu. Kuwatafuta Mwanza ukiwa mgeni ni taabu.

Hatua ya 4: Nyongo itoke kwanza, kisha subira

Mgonjwa mwenye maambukizi, usaha au manjano makali kwa kawaida hafunguliwi moja kwa moja. Nyongo hutafutiwa njia ya muda. Inaweza kuwa ERCP, au sindano ndefu inayoingizwa kupitia ngozi hadi ndani ya ini kwa kuongozwa na ultrasaundi, na mrija mwembamba ukabaki ukimwaga nyongo kwenye mfuko wa nje. Jeraha likigunduliwa siku hiyohiyo ya upasuaji na bingwa yupo, linaweza kurekebishwa hapohapo. Likichelewa, wengi husubiri wiki sita au zaidi mpaka uvimbe uishe, uchafu ukauke, na mgonjwa ale arudishe mwili.

Kipindi hiki kinachosha. Familia huona kama mgonjwa ametelekezwa: karuhusiwa, mfuko unaning'inia, tarehe iko mbali. Kumbe ndipo matokeo yanapojengwa.

Mama mmoja wa Ujiji aliyekuwa akimuuguza binti yake alinunua daftari la shule la kurasa 48 na jagi la plastiki lenye alama za mililita. Kila asubuhi na jioni alifungua koki ya mfuko, akamwaga kwenye jagi, akaandika: tarehe, kiasi, rangi. "Asubuhi 350, njano kijani. Jioni 300, vilevile." Siku moja daftari likaandikwa asubuhi 90, jioni 40, na pembeni kwa herufi ndogo, "anasikia baridi". Hakusubiri tarehe ya kliniki. Alikwenda nalo hospitali, muuguzi wa zamu akasoma ule mstari mmoja, akaita daktari. Mrija ulikuwa umeziba kwa tope la nyongo. Ulisafishwa, homa ikakatwa kabla vijidudu havijafika kwenye damu. Sijaona kifaa cha bei ndogo chenye faida kubwa kama daftari lile.

Fanya kama yeye, na uongeze haya. Anayemwaga zaidi ya nusu lita kwa siku anapoteza maji na chumvi nyingi. Anywe ORS na siyo maji matupu peke yake. Mfuko ukae chini ya usawa wa kiuno muda wote, hata akiwa ndani ya basi. Usiutundike kwenye ndoano ya juu ya siti, maana nyongo itarudi ndani. Mwage mfuko kabla ya safari na kila mnaposhuka kuchimba dawa. Kidonda kiwe kikavu, uzi ulioshika mrija usivutwe na nguo. Kwa muwasho, kata kucha fupi, vaa pamba, oga maji ya baridi, na uulize dawa ya kuupunguza.

Hatua ya 5: Kumchagua daktari na njia

Njia ya wazi, yaani mkato mrefu chini ya mbavu, bado ndiyo inayotumika zaidi duniani kwa mrija uliokatwa, na hakuna aibu ndani yake. Matundu madogo yana faida ya kweli: maumivu kidogo, kidonda kisichoingia usaha kirahisi, kurudi kazini mapema, na kamera inayokuza picha kiasi cha kuona uzi mwembamba kama unywele. Yanawafaa zaidi wenye mrija uliotanuka na tumbo lisilofunguliwa mara nyingi. Mtu aliyepasuliwa mara tatu, mwenye presha ya mshipa wa ini, au ambaye jeraha limepanda hadi ndani ya ini, mimi ningemshauri akubali mkato mrefu bila kinyongo.

Muulize daktari, kwa adabu lakini bila woga: "Samahani daktari, kazi hii ya kuunganisha mrija unaifanya mara kwa mara? Kwa matundu au kwa mkato? Ikishindikana kwa matundu, mtafanya nini? Baadaye pakisinyaa, nani atapafungua?" Daktari aliyezoea hajibu kwa hasira. Akisema mwenyewe kwamba ni bora uende kwa mwenzake, huyo ni wa kuaminiwa.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Mgonjwa analazwa usingizi kamili. Antibiotiki hutolewa ndani ya saa moja kabla ya mkato wa kwanza. Tumbo hujazwa hewa ya kaboni dioksidi kwa shinikizo dogo, kwa kawaida kati ya 12 na 15 kwenye kipimo cha zebaki, ili ukuta wa tumbo unyanyuke na kamera ipate nafasi. Matundu huwa manne hadi sita: ya milimita 5 kwa vifaa vyembamba, na ya milimita 10 hadi 12 kwa kamera na mashine ya kukata na kubana utumbo.

Saa ya kwanza au mbili mara nyingi huishia kwenye kutenganisha. Utumbo, mafuta na ini vimegandana tangu upasuaji wa kwanza, na kila utando hukatwa taratibu. Daktari akifika penye mlango wa ini hatafuti mrija kwa kubahatisha: huchoma kwa sindano nyembamba na kuvuta. Ikija nyongo, ndipo. Ikija damu, huo ni mshipa. Mshipa wa kulia wa ini mara nyingi hujeruhiwa pamoja na mrija, kwa hiyo nao hukaguliwa.

Mrija haushonwi pale ulipokatwa. Hapo pameungua na hapana damu ya kutosha. Daktari hupanda juu mpaka kwenye nyama yenye afya, kisha hupanua mdomo kuelekea mrija wa kushoto, mbinu iliyoelezwa na Wafaransa Hepp na Couinaud mwaka 1956. Mrija wa kushoto una kipande kirefu nje ya ini, kwa hiyo humpa daktari mdomo mpana, sentimita mbili hivi badala ya tundu la milimita chache. Upana huo ndio kinga kubwa dhidi ya kusinyaa.

Upande wa pili ni utumbo. Utumbo mdogo hukatwa mbele kidogo ya mwanzo wake. Ncha ya chini hupandishwa hadi kwenye ini ipokee nyongo, na ncha ya juu, inayoleta chakula, huunganishwa kwenye utumbo huohuo sentimita 40 hadi 60 chini. Umbo linalopatikana ni la herufi Y, na jina lake limebaki la Mswisi César Roux aliyelieneza mwishoni mwa karne ya 19. Urefu ule una kazi: chakula na vijidudu vyake visirudi nyuma hadi kwenye mirija ya ini.

Sasa maungio. Hapa ndipo chumba kizima hunyamaza. Uzi ni ule unaoyeyuka wenyewe baada ya muda, saizi 4-0 au 5-0. Ukuta wa nyuma hushonwa kwanza, fundo baada ya fundo, kisha wa mbele. Kwenye skrini unaona ncha ya sindano ikiingia utumboni, ikitokea ndani, ikashika kingo ya mrija, ikatoka nje. Utando laini wa ndani wa mrija lazima ugusane na utando laini wa ndani wa utumbo, bila nyama ghafi katikati, na bila upande wowote kuvutwa. Ukivutwa, damu haifiki. Damu isipofika, pataachia au patageuka kovu. Fundo moja baya linaweza kula dakika kumi, na daktari mzuri hulikata akalirudia.

Mwisho wanaweka kitambaa cheupe juu ya maungio na kusubiri. Kikibaki cheupe, vizuri. Kikipata doa la njano, uzi mwingine unaongezwa. Nafasi zilizobaki katikati ya utando wa utumbo hufungwa ili utumbo usije ukajipenyeza na kujinyonga. Dreni moja, yaani mrija wa kutolea majimaji nje, huachwa karibu na maungio. Saa nne hadi sita ni kawaida, na zaidi si ajabu, kwa hiyo ndugu mlioko kwenye benchi msihesabu dakika. Mkiambiwa walianza kwa matundu wakamalizia kwa mkato, msione ni kushindwa: mara nyingi ni uamuzi uliookoa maungio au maisha.

Hatua ya 7: Wodini

Bega kuuma siku moja au mbili ni ile hewa iliyobaki chini ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, kutembea kunasaidia. Mgonjwa asimame siku ya pili hata kama hataki. Maji kidogo huanza mapema, kisha uji mwepesi.

Kitazameni kile cha kwenye dreni. Majimaji mekundu hafifu yanayopungua ni sawa. Rangi ya nyongo maana yake panavuja. Msipaniki: mvujo mdogo hufunga wenyewe mradi nyongo inatoka nje na mgonjwa hana homa, ila dreni itakaa muda mrefu zaidi. Wengi huruhusiwa ndani ya wiki moja hivi. Msiondoke bila ripoti ya upasuaji yenye mchoro wa maungio. Mwombeni daktari auchore kwa mkono. Dakika mbili zinatosha.

Hatua ya 8: Nyumbani

Kinyesi kurudi kahawia ndiyo habari njema ya kwanza. Mkojo hupauka, muwasho huisha ndani ya siku chache, macho huchukua wiki kadhaa.

Chakula kianze kwa mafuta kidogo. Ugali, wa mahindi au wa muhogo, hauna tatizo. Mgebuka uchemshwe au uchomwe badala ya kuzamishwa kwenye mafuta. Mawese yarudi polepole baada ya wiki chache, kijiko kwanza, na kinyesi kikielea chenye mng'ao wa mafuta mpunguze. Hakuna marufuku ya maisha: nyongo inafika utumboni, ila imebadilisha mlango.

Ndoo ya maji, jembe na gunia viwekwe kando wiki sita, hata kama matundu yameshafunga. Nje yamepona, ndani nyuzi bado zinashikilia.

Hatua ya 9: Miaka inayofuata

Maungio yanaweza kusinyaa baada ya miezi au hata miaka kadhaa, na huanza kimya. ALP hupanda kabla macho hayajageuka, kwa hiyo pima damu kila baada ya miezi mitatu mwaka wa kwanza, kisha mara moja au mbili kwa mwaka, hata ukijisikia mzima. Kipimo hicho hakihitaji kwenda Mwanza. Majibu ndiyo ya kutuma kwa daktari wako.

Pakisinyaa, siyo lazima ufunguliwe tena. Mara nyingi panatanuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye ini. ERCP ya kawaida ni vigumu kufika hapo kwa sababu njia ya utumbo imebadilishwa, na daktari asiyejua historia yako atapoteza muda kuijaribu. Ule mchoro utamweleza.

Na homa. Kigoma na Tabora ni mikoa ya malaria, kwa hiyo utaumwa malaria kama watu wengine, na dirishani utaandikiwa dawa mseto kabla hujakaa vizuri. Kubali kipimo, lakini kabla ya dawa sema: "Mimi nimeunganishwa mrija wa nyongo kwenye utumbo." Homa ya kutetemeka kwa mtu wa aina yako ni ya mirija ya nyongo mpaka ithibitike vinginevyo. Omba bilirubini, ALP na ultrasaundi siku hiyohiyo, na antibiotiki isingoje majibu kama unatetemeka.